Upepo Uliopinda

Mara ya tatu Hana alipokifungua kipima upepo kutoka juu ya mlingoti wa MV Katuma, hakuna baharia aliyemshikia ngazi. Walikuwa wamekaa kwenye kivuli cha ghala la Karema wakila mihogo ya kukaanga, wakamtazama akishuka taratibu na kisanduku kikining'inia shingoni, wakaendelea kutafuna. Zamani wangemtania. Wangemwambia, "Injinia, matanga ni ya msibani, sisi huku tunapakia mahindi." Lakini tangu baharia mwenzao Josephat aumie, utani ulikauka.

MV Katuma ilikuwa meli ya mizigo, si kubwa sana, inayovusha mahindi, mchele na saruji kwenda Moba, ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo. Mwenye meli, Respicius, alikuwa mfanyabiashara wa Mpanda aliyechoka kuiona injini ikinywa dizeli kama ng'ombe aliyetoka machungani. Alikuwa amesikia kwamba huko baharini meli za biashara zimeanza kurudishiwa matanga. Hayakuwa yale ya turubai na kamba. Yalikuwa mbawa za bati gumu zilizosimama wima kama milango, zinazogeuzwa na mota. Injini haizimwi, mbawa zinaisaidia tu kusukuma, nayo inapumua. Respicius akaagiza mawili, moja la mbele na moja la nyuma.

Sasa, tanga la namna hiyo halina mtu wa kulishika. Juu ya mlingoti panafungwa kipima upepo, kidude cha ukubwa wa kikombe cha bati, kinachoiambia kompyuta upepo unatoka wapi na una nguvu kiasi gani. Kompyuta inaiamuru mota, mota inaligeuza tanga. Kipima upepo kikisema kweli, meli inapata msaada wa bure. Kikisema uongo, bati zito kuliko gari linazunguka juu ya vichwa vya watu kwa kufuata uongo huo.

Na aliyekifunga ni Hana Manyanda. Wazazi wake walishuka na ng'ombe kutoka Usukuma wakaweka makazi Kakese, karibu na Mpanda, kabla hajazaliwa. Alisomea umeme wa meli Dar es Salaam, na kwa miaka alikuwa akiulizwa na ndugu zake huo umeme wa meli atautumia kwenye mto gani. Respicius alipotafuta fundi, Hana alirudi Katavi kifua mbele.

Tangu mwanzo matanga hayakutulia. Ziwa likiwa limelala, upepo ukiwa mmoja tu, tanga lingegeuka kidogo kulia, likasita, likarudi kushoto, likaenda tena kulia, kama mtu aliyelala kwenye kitanda chenye kunguni. Hana alimpigia Isidori, mhandisi wa wakala aliyewauzia, aliyekaa Dar es Salaam. Isidori akamwambia asawazishe kipimo upya. Akasawazisha. Tanga likatulia kwa safari moja, kisha likaanza tena. Akaambiwa asawazishe tena. Akasawazisha tena.

Halafu siku moja, wakiwa wanaikaribia bandari ya Ikola, tanga la nyuma lilizunguka ghafla likampiga Josephat alipokuwa anakaza turubai juu ya magunia. Mtulinga ukavunjika na bega likatoka mahali pake. Respicius alikuja bandarini, akafunga matanga yote mawili kwa mnyororo na kufuli, akaondoka na funguo. Nyuma yake yakabaki maneno. Wengine walisema Josephat alisimama pasiporuhusiwa. Wengine walisema injinia alifunga kifaa ovyo. Hana aliyasikia yote mawili, na hakujua lipi lilimchoma zaidi.

Alipofika Mpanda na kile kisanduku, alikwenda moja kwa moja kwenye chumba chake cha kazi mtaa wa Kashaulili, nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, akampigia Isidori.

"Nimekitoa tena," alisema. "Nimekipima mezani kwa feni. Kizima kabisa."

"Basi tatizo ni ufungaji," Isidori alisema. Hakuwa mtu mkali. Sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye simu nyingine mbili zinazomsubiri. "Ulikifunga kwenye kilele cha mlingoti wa mbele, kama mchoro unavyoonyesha?"

"Palepale."

"Kwa kimo kilekile?"

"Kwa kimo kilekile, kaka. Nimekutumia picha."

"Basi sawazisha upya, halafu unitumie kumbukumbu za safari nzima."

"Nitazitoa wapi? Meli inasafiri matanga yakiwa na kufuli."

"Sasa hapo, dada, mimi nikusaidieje?"

Hana alikata simu, akakaa akikiangalia kile kidude juu ya meza. Kilikuwa kinang'aa, hakina hata mkwaruzo. Ilimjia hamu ya kukipiga na nyundo, na hamu hiyo haikuondoka haraka.

Jioni hiyo alikwenda kumjulia hali Josephat, aliyepanga vyumba viwili hapohapo Kashaulili, si mbali na soko. Mke wake, Tereza, alimkaribisha kwa adabu, akampa kiti, ila yeye mwenyewe hakukaa. Josephat alikuwa kwenye mkeka, mkono umefungwa kifuani kwa kitambaa.

"Pole, kaka. Unaendeleaje?"

"Naendelea. Kuinama ndiyo shida."

"Dada," Tereza alisema akiwa amesimama mlangoni, "naomba nikuulize. Watu wanasema mume wangu alisimama pabaya. Pale aliposimama, paliandikwa watu wasisimame?"

"Hapana," Hana alisema. "Hapakuandikwa kitu. Alikuwa kwenye kazi yake."

"Basi kwa nini hamsemi hivyo?"

Hana angeweza kusema kwamba ameshasema, kwamba alimwambia Respicius siku ileile, naye Respicius akamjibu kwamba kama si kosa la Josephat basi ni kosa lake yeye injinia, achague. Aliona aibu kulisema hilo mbele ya mtu aliyefungwa bandeji.

"Bado sijajua tanga lilizunguka kwa nini," alisema. "Nikijua, nitasema mbele ya watu wote."

Josephat aliinua kichwa mkekani. "Lilikuwa kama limeitwa, dada. Kama mtu kaliita jina."

Kesho yake Hana alibeba kipima upepo, betri na nguzo ya bomba, akapanda bodaboda mpaka Kakese kwa wazazi wake. Alitaka mahali peupe, pasipo na mlingoti wala mchoro wa mtu. Baba yake, mzee Manyanda, alimsaidia kuisimamisha nguzo kwenye shamba lililovunwa, ng'ombe wakila mabua pembeni. Kidude kikasoma vizuri asubuhi nzima. Upepo ukitoka mashariki, kikasema mashariki. Ukihama, nacho kikahama.

"Kinasema kweli?" baba yake aliuliza.

"Kinasema kweli."

"Sasa mbona umenuna, mayu?" mzee alisema, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Kwa sababu kingekuwa kibovu ningekibadilisha, baba. Kizima nakifanya nini?"

Mzee akaenda kuwafukuza ndama walioanza kusugua shingo kwenye bomba. Mchana betri ilipoishiwa nguvu, Hana aliihamishia nguzo karibu na nyumba ili waya ufike kwenye sola ya paani. Aliisimamisha hatua chache tu kutoka kwenye kona ya ukuta. Akaingia ndani kula ugali na maziwa mgando aliyowekewa na mama yake, Nyanzala, simu yake ikiwa kando ya sahani inaonyesha vipimo.

Katikati ya tonge, vipimo vikaanza kutangatanga. Mashariki, kusini, mashariki, kusini zaidi. Akatoka na mkono wenye ugali. Majani ya mgomba ulio mbali na nyumba yalikuwa yanapepea upande mmoja kwa utulivu. Upepo haukuwa umebadilika hata kidogo. Alichana kiroba cha mbolea, akavuta nyuzi zake, akazifunga kwenye bomba, kwenye kona ya nyumba, na kwenye mti mkavu huko shambani. Uzi wa shambani ulilala mashariki-magharibi. Uzi wa kwenye bomba ulipinda, ukazunguka kona ya nyumba kama mtu anayechungulia dirishani.

Hana alikaa chini pale pale. Upepo unapofika kwenye ukuta haupiti ukutani, unapinda. Hilo kila mtu anayewasha moto nje analijua, na yeye mwenyewe aliwahi kulijibu kwenye mtihani. Ila matanga yake yenyewe ni kuta. Kipima upepo kilikaa juu ya mlingoti, mbele kidogo tu ya bati. Tanga likigeuka, linaukunja upepo. Kidude kinausoma upepo uliokunjwa kana kwamba ndio upepo wa ziwa. Kompyuta inalihamisha tanga kuufuata. Tanga likihama, linaukunja upya. Tanga la nyuma nalo linageuka kwa taarifa hiyohiyo. Miezi yote hiyo alikuwa akisawazisha kifaa kinachosema kweli kuhusu upepo usio sahihi.

Hakufurahi kama alivyodhani angefurahi. Alimkumbuka Josephat kwenye mkeka, akaikasirikia nafsi yake.

Kulijua jambo ni kitu kimoja, kulionyesha ni kingine. Alimpigia Respicius akamweleza. Respicius alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Nithibitishie, nitafungua kufuli."

"Bosi, ili nithibitishe, matanga lazima yageuke. Yakiwa yamefungwa, hakuna kinachoukunja upepo. Nitapanda na nyuzi zangu, zitalala sawa zote, nawe utaniambia hakuna tatizo."

"Na mimi nikifungua, likampiga mwingine?"

"Ndiyo maana nataka..."

"Nithibitishie kwanza, Hana."

Isidori naye, alipoelezwa, alisema wazo si baya, ila watengenezaji wanahitaji kumbukumbu za safari matanga yakifanya kazi. Hana aliiweka simu kifudifudi juu ya meza, akatoka nje akazunguka duka lote la vifaa vya ujenzi, akarudi, akakuta bado ana hasira ileile. Alitakiwa alete maji ndipo apewe ndoo.

Aliyelegeza fundo hilo alikuwa nahodha, Didace, na hakulilegeza kwa mapenzi. Didace aliyachukia matanga tangu siku yalipopakuliwa. Alitaka yang'olewe apate nafasi ya magunia. Hana alimkuta Karema akisimamia upakiaji, akamwambia ukweli.

"Shikamoo, kapteni. Nataka kuonyesha kwamba matanga haya, yalivyofungwa sasa, ni hatari."

Didace aligeuka. Hayo yalikuwa maneno aliyoyasubiri. "Marahaba. Unataka nini?"

"Tukiwa tumetia nanga, tuyageuze kwa mkono. Mota tunaikata waya kabisa. Kuna mpini wa kuzungushia. Watu wote wawe nyuma ya chumba cha usukani. Mimi na wewe tu."

"Na ukionyesha kwamba ni hatari, yanatolewa?"

"Nikionyesha, bosi ataamua kwa macho yake."

Didace alimpigia Respicius yeye mwenyewe. Hana hakusikia alichoambiwa, ila funguo zilifika na gari la mchana kutoka Mpanda, na Respicius alikuwa ndani ya gari hilo, suruali imejaa vumbi la njiani, uso umekunjamana.

Upepo ulikuwa unatoka ziwani, wa wastani. Hana alifunga nyuzi za kiroba kwenye kilele cha mlingoti, kwenye kingo za tanga la mbele, na nyingine kwenye bomba refu alilolitokeza mbele ya pua ya meli. Akaondoa kufuli. Didace akazungusha mpini, akihema. Tanga lilivyozunguka, uzi wa mlingotini ulianza kulifuata. Likienda kulia, uzi ulikwenda. Likirudi, uzi ulirudi. Uzi wa kwenye pua haukujali; ulibaki unaonyesha ziwa.

"Rudia," Respicius alisema.

Didace akarudia. Uzi ukarudia.

"Ina maana siku zote lilikuwa linakimbiza mkia wake," Respicius alisema polepole.

"Ndiyo, bosi. Na kule Ikola nadhani upepo uliongezeka ghafla, mkia ukakimbia zaidi, tanga la nyuma likaruka kuufuata. Josephat alikuwa amesimama mahali pa kazi yake."

Respicius aliangalia ukingo wa bati lililompiga Josephat, akapitisha mkono juu yake, kisha akauliza kama dawa ipo.

Dawa ilikuwa kukihamisha kipima upepo kwenye pua, mbali na matanga. Hapo napo palikuwa na shida yake. Isidori aliiona video ya zile nyuzi aliyotumiwa na Hana, akasema kwa sauti ya mtu aliyeacha simu zake nyingine zilie kwamba mchoro ulitengenezwa kwa meli ndefu zaidi, ambako kati ya mlingoti na tanga kuna nafasi kubwa, na kwamba yeye hakuwahi kuiona MV Katuma ila kwenye picha. Aliomba radhi. Baadaye akapiga tena kusema watengenezaji wamekataa: kifaa kikihamishwa kutoka kwenye kilele, dhamana inakufa.

"Yaani kikibaki pale kinapovunja watu, kina dhamana," Hana alisema.

"Mimi naufikisha tu ujumbe, dada."

Respicius aliamua dhamana ife. Selestine, fundi wa kuchomelea wa Kashaulili, alitengeneza nguzo yenye bawaba, ya kulazwa meli inapopakia na kuinuliwa ikiondoka. Ilipinda siku ileile ilipofika Karema, kwa sababu winchi ya magunia iliikumba kabla mtu hajakumbuka kuilaza. Didace alisema aliwaonya. Hana aliirudisha Mpanda kwa barabara ileile ya mashimo, ameikumbatia nyuma ya gari la mizigo kama mgonjwa, akairudisha tena Karema ikiwa imenyooshwa.

Safari ya majaribio waliondoka asubuhi, upepo ukitoka kusini, ukiipiga meli ubavu wa kushoto. Hana alikuwa chumba cha usukani, mkono karibu na swichi ya kukatia mota. Tanga la mbele likageuka mara moja, likasimama. La nyuma likageuka, likasimama. Alisubiri ule mtikisiko alioujua. Haukuja. Didace alipunguza injini kidogo, meli haikupunguza mwendo. Akapunguza tena, akaangalia saa za dashibodi, akaguna. Mpaka vilima vya Kongo vinaonekana wazi, matanga yalikuwa yametulia kama ukuta wa kanisa. Hana alishuka peke yake kwenye deki, akaegemea magunia, akalia kidogo, zaidi kwa uchovu kuliko furaha.

Kurudi, upepo ulihama. Ulitoka nyuma yao, upande wa Kongo, ukaisukuma meli kisogoni. Kwa upepo huo nguzo ya pua ikawa nyuma ya kila kitu: chumba cha usukani, magunia, matanga yote mawili. Upepo uliifikia ukiwa umeshachanwa na meli nzima. Namba kwenye skrini zikaanza kucheza. Tanga la nyuma likatikisika. Hana aliikata mota kabla halijageuka, akapaza sauti watu watoke kwenye deki, mabaharia wakatoka wakikimbia.

"Si ulisema limepona," Didace alisema.

"Limepona kwa upepo wa mbele na wa ubavuni. Wa nyuma bado."

"Ziwa hili lina upepo wa pande zote, injinia."

"Najua, kapteni."

Hakukuwa na mahali hata pamoja kwenye meli ile ambapo kidude kimoja kingeusikia upepo ulio safi siku zote. Vilihitajika viwili, kimoja mbele, kimoja nyuma, na kompyuta ya kuchagua kipi cha kuaminiwa. Isidori, safari hii, alikubali papo hapo, ila akasema kifaa cha pili kitachukua muda mrefu kufika, na kwamba mpango wa kuchagua itabidi Hana auandike mwenyewe.

Respicius alitoa uamuzi wake bandarini mbele ya wafanyakazi wote. Tanga la nyuma linang'olewa. La mbele linabaki, na litatumika upepo ukiwa wa mbele au wa ubavuni. Ukiwa wa nyuma, linafungwa kwa mnyororo. Kisha Hana akaomba aseme neno, akasema alichomwahidi Tereza: kwamba Josephat hakukosea, kwamba kifaa kilifungwa mahali pabaya, na aliyekifunga pale ni yeye, kwa kuufuata mchoro bila kuukagua. Respicius alitazama chini, akasema Josephat akipona nafasi yake ipo.

Hana alizipeleka habari hizo Kashaulili kesho yake. Josephat alikuwa ameketi nje kwenye benchi, bandeji imepungua, akijaribu kuunyanyua mkono mpaka usawa wa kifua. Tereza alikuwa anachambua mchele. Safari hii alimsogezea Hana ungo wakachambua pamoja.

"Kwa hiyo sasa hilo tanga linajua upepo unatoka wapi?" Josephat aliuliza.

"Ukitoka mbele, linajua. Ukitoka kando, linajua. Ukitoka nyuma, bado."

"Na lini litajua?"

"Kifaa kikija. Na nikimaliza kuiandikia kompyuta."

Josephat aliushusha mkono, akaupumzisha gotini. "Basi mwambie bosi namshukuru. Mimi sirudi mpaka lijue pande zote. Nitamsaidia shemeji yangu mizinga yake ya nyuki kule Inyonga."

"Hata mimi nakuunga mkono," Tereza alisema, akimwangalia Hana kuona kama atabisha.

Hana hakubisha. Alitoa kijiwe kwenye mchele, akakitupa kwenye vumbi, akaomba maji ya kunywa, kwa kuwa gari la Karema lilikuwa linaondoka baada ya muda mfupi na dereva hakuwa mtu wa kusubiri.